Kitanda cha Mama Kimevuka Mto

Jumapili, saa moja kasoro asubuhi. Joto la kaskazi bado halijaamka na hapa mtoni kuna kibaridi cha kujifunika kanga.

Shajara yangu, leo nimekuja kujisifu. Atakayeona nimezidisha aendelee na shughuli zake, mimi siku kama hii sijaipata miaka mingi na sitaificha.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya gari, chai mkononi, simu imebaki chaji kidogo. Tuko kijijini alikozaliwa mama, ukishapita mji wa Chake unaelekea Wete. Tumelala hapa, mimi, kaka yangu Faki na mama yetu, Bi Time. Mama yuko ndani kitandani, amekaa, mlango wazi, anaangalia maji yanavyopita. Nami simsemeshi, maana naogopa nikimsemesha nitaharibu.

Mama yangu ametoka nyumbani.

Kwa asiyenijua, niseme tangu mwanzo. Mama alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Mkono na mguu wa kulia vikagoma. Akili yake nzima, ulimi wake mzima, na wanaomjua wanajua ulimi wenyewe ukoje. Anaweza kukaa, lakini lazima upande wa kulia awe na kitu cha kuegemea, la sivyo anainama taratibu mpaka anaanguka. Tangu siku hiyo safari yake ilikuwa moja tu, ya hospitali. Harusi ya mjukuu wake hakwenda. Kwa mdogo wake, mama mdogo Mize wa Vitongoji, ambako zamani alikuwa akikaa wiki nzima mpaka tumfuate, hakwenda. Kila tukimwambia twende, alikuwa na maswali matatu: haja nitakwenda wapi, nitatawadha wapi, nitaswali vipi? Sisi hatuna jibu. Basi anamaliza mwenyewe.

"Mie si gunia la karafuu, wa kunyanyuliwa na kila mtu."

Kilichokuwa kikiniuma zaidi ni kuvunja jungu. Siku za mwisho za Shaabani watu wa kwetu tunatoka na masufuria, tunakwenda mtoni au pwani, tunapika, tunakula na kucheka kabla ya mfungo kuingia. Ukoo mzima ulikuwa ukimtegemea mama. Yeye ndiye mwenye mwiko, yeye ndiye anayesema pilau imeiva. Miaka mitatu hii tumekwenda bila yeye, jioni tunamrudishia sahani iliyofunikwa, imeshapoa. Anakula. Anasema shukurani. Halalamiki hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi. Bora angegomba.

Mwaka jana nikaliona gari la mikate. Lilikuwa Chake, nyuma ya duka moja la mkate, bodi lake refu la kusimama mtu, mlango wa kusukuma ubavu wa kushoto. Wenyewe walikuwa hawalitumii tena. Nikasimama pale kama mtu aliyeonyeshwa nyumba, mwisho nikalinunua. Nina miaka arobaini na tisa, mwalimu wa darasa la tano, na gari nimejifunza nikiwa na arobaini na sita. Kwetu Mtambile nzima ilishuhudia nilipovunja banda la kuku la jirani kwa rivasi. Nakiri hapa: kwenda mbele naweza popote utakaponipeleka. Rivasi bado inanishinda.

Faki ni seremala, anatengeneza milango na vitanda, na gari hajui hata kuliwasha. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akija uani kwetu na misumari yake. Akajenga kitanda ubavu wa kulia, kinatazama mlango. Upande wa kulia wa mama akaweka ubao wenye sponji wa kuegemea, ameupima kwa bega la mama mwenyewe. Nyuma, ndani ya pazia, choo cha kukalia. Juu tangi la maji, chini yake mfereji mdogo wa bomba, umekaa pale pale unapofika mkono wa kushoto wa mama, na beseni la kupokea maji. Kila kitu kilichokuwa swali kikawa na jibu.

Sasa kibla. Hapo ndipo Faki alipojivuna kuliko sote. Mama anaswali kwa kukaa, ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Kwa hiyo Faki alitaka akikaa hapo tu, bila kugeuzwa na mtu, awe ameshaelekea. Alivuta kamba kutoka ukuta wa msikiti ulio ng'ambo ya barabara, akaileta mpaka uani, akaipitisha ndani ya gari, akapiga alama kwa chaki. Akasogeza kitanda vidole viwili huku, kidole kimoja kule. Akamwita shehe wa msikiti aje atazame. Shehe akachungulia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akasema barabara kabisa, hata misikiti mingine haijapimwa hivi. Tukanywa chai. Mama akaletwa akakaa, akanusa nusa.

"Yanuka mkate," alisema.

Kwa mama hiyo ni sifa.

Jana asubuhi, siku zenyewe za kuvunja jungu, tukaondoka. Kabla sijawasha, mama aliniita kutoka nyuma. Alikuwa amevaa buibui lake la kutokea, lile lililokaa sandukuni miaka mitatu.

"Riziki, n'takwenda. Lakini nisikize. Nikitaabika huko, basi ndo mwisho. Usinambie tena habari ya kutoka, wala nduguyo asinambie."

Nikasema inshaallah. Mama hasemi neno akalirudisha.

Mwanzo alitaka pazia la dirisha lifungwe, asionekane na watu wa dukani. Nikalifunga. Tulipotoka Chake nikamtazama kwenye kioo, nikaona amelifungua mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Anaangalia mihogo ya watu, anaangalia nyumba mpya, anamuuliza Faki hii ya nani na ile ya nani. Faki hajui, anajibu hivyo hivyo. Mimi mbele usukani nimeushika mikono miwili, najiona nimekuwa mrefu.

Tunapokaa hapa ni kambi ya wachumaji karafuu. Wakati wa msimu watu wanatoka mbali, wanalala hapa wiki kadhaa. Msimu ukiisha panabaki patupu, wanakuja wa kuvunja majungu yao. Anayepatunza ni bibi mmoja, Bi Mwanakhamis, anafagia, anaonyesha watu pa kuwasha moto. Unaingia kwa kinjia cha nusu kilomita, mikarafuu kulia na kushoto, mpaka unafika kwenye kiwanja chembamba kando ya mto. Nikaegesha vizuri, mlango ukatazama maji. Faki akausukuma mlango. Mama akauona mto wao.

Bi Mwanakhamis alikuja kutukaribisha, akachungulia ndani, akashika mdomo.

"Time? Time wa Mzee Omari? Ndo weye?"

"Ndo mie. Nilobaki."

Wakashikana mikono wakalia, wakacheka, wakakumbushana waliyokuwa wakiyafanya hapa wakiwa wasichana, mengine sikupaswa kuyasikia. Mimi nikabandika pilau. Nikajiambia, Riziki, umefaulu.

Nilijipongeza mapema.

Ilipofika saa nane na nusu mama akasema anataka kuswali Adhuhuri. Akafungua mfereji mwenyewe. Akatawadha mwenyewe, bila ya mtu kummiminia, na aliposuuza mguu wa kushoto nilimwona anatabasamu peke yake. Akakaa ukingoni. Akaweka ushungi sawa. Akanyanyua mkono kukabiri, aanze sala, akasita.

"Faki, kibla i wapi hapano?"

Faki akatazama jua. Akatoa simu akaitazama. Akatazama tena jua, sasa kwa kuliomba. Kibla ilikuwa mgongoni kwa mama, nyuma ya ukuta wa bati, upande wa mikarafuu.

Shajara, niambie. Miezi yote ile. Kamba, chaki, vidole viwili huku na kidole kimoja kule. Seremala, mwalimu na shehe, watu watatu wenye akili zao, tumesimama uani tunapima kibla ya gari, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwa gari lina magurudumu. Tulilipima kama nyumba. Faki alikaa chini juu ya kifuniko cha sufuria, akajishika kichwa.

Nikasema tumtoe, tumweke kwenye kiti nje. Mama akakataa. Kiti hakina ubao wa kumshika, itabidi mtu amkumbatie sala nzima, na watu wa majungu mengine wanatazama. Faki akajaribu njia yake.

"Mama, dini nyepesi. Mgonjwa ana ruhusa, popote utakapoelekea."

"Ruhusa ya asiyeweza. Mie nimo ndani ya gari, na gari yageuka."

Faki akatoka akalizunguka gari. Lakini gari lenyewe halikuweza kugeuka. Kiwanja chembamba, huku mikarafuu, huku mto. Njia iliyobaki ilikuwa nitokee mbele, kwa mteremko wa mchanga ambao gari hushuka tu, halipandi, nizunguke barabarani kisha niingie upya kwa rivasi, nusu kilomita, katikati ya mikarafuu ya watu. Nilikitazama kile kinjia. Nikalikumbuka banda la kuku.

"Siwezi," nikasema. Nimesema mbele ya kaka yangu, mbele ya Bi Mwanakhamis, mbele ya mama. Mimi niliyekuwa najiona mrefu.

Mama akaulegeza ushungi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira:

"Basi turudini."

Hapa nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Aliposema vile, kipande cha moyo wangu kilipumua. Kilisema sawa, umejaribu, rudi nyumbani, hakuna atakayekulaumu. Nilikuwa nimeshainama kuchukua sufuria. Mwaka mzima wa kazi, na nilikuwa tayari kuuacha kwa sababu nimeona haya ya rivasi.

Nilipoinuka, mama alikuwa anatazama ng'ambo. Macho yake yamebana, kama akimtazama mtu anayemdanganya bei.

"Riziki. Kule ng'ambo, mlango utaangalia wapi?"

Nikahesabu kwa mikono. Nikivuka mto, nikikata kushoto, nikisimama, mlango unageuka kuutazama mto kutoka upande wa pili. Na nyuma ya mto, nyuma ya mikarafuu hii hii, ndiko kibla iliko. Mto na kibla upande mmoja.

"Lakini mama, gari halivuki mto."

"Gari ya ng'ombe ya baba ikivuka na magunia juu. Pale penye jiwe jeupe. Chini pana mawe, baba kayatandaza kwa mkono wake, mie n'kimpokezesha."

Bi Mwanakhamis akasema tangu daraja la huko juu mtoni lijengwe hajaona gari likipita pale. Lakini alivyosema hivyo alikuwa ameshapandisha kanga na ameshauchukua mwiko wangu wa pilau. Akaingia majini. Anapiga hatua, anachoma mwiko chini, anasikiliza. Maji ya kaskazi ni machache, yalimfika magotini. Alipofika katikati akageuka.

"Mawe yapo, Time! Yapo vile vile!"

Nikaingia garini. Faki akakaa kitandani kushoto kwa mama akamshika. Gia ya kwanza, na mwalimu wangu wa gari alinifunza kuwa majini hubadilishi gia wala husimami. Nikateremka. Maji yakaanza kupiga chini ya gari, sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mama nyuma yangu, anatazama mbele katikati ya viti, akaanza kuniongoza.

"Shika kulia. Kulia tena. Kushoto pana tope, usishike kushoto. Vivyo. Twende."

Katikati tairi moja la nyuma liliteleza. Gari likainama, birika likaanguka, Faki akaanza kusoma kila dua anayoijua. Mguu wangu ulitaka kuacha mafuta. Naapa, ulitaka.

"Usisite, mwanangu. Mawe hayo ya baba. Twende."

Nikaenda. Tairi likashika, gari likatikisika, pua yake ikainuka, tukapanda ukingo na maji yakichuruzika kila upande. Nikakata kushoto. Nikasimama pale palipokuwa pakiwekwa magunia zamani, majani mafupi, ardhi ngumu. Ng'ambo ya pili watu wa majungu yote walikuwa wamesimama wanapiga vigelegele, na mmoja anapiga sufuria kwa kijiko.

Faki akatoka akapima kwa simu, kwa jua na kwa kamba ya viatu. Akasogea pembeni. Sikungoja aniambie, nilimwona usoni.

Mama akakabiri kwa mkono wake mmoja.

Nilisimama nje nikamtazama anaswali, amenyooka, bega limeegemea ubao wa Faki, mbele yake mlango wazi, na mto wa kwao. Nikalia. Si kwa huzuni, nataka hilo lieleweke. Nililia kwa fahari. Kwa mama, kwa Faki na vidole vyake viwili, kwa babu ambaye sikumkuta, aliyetandaza mawe kwa ajili ya ng'ombe wake. Na kwa mimi mwenyewe pia, mbona nijifiche. Mimi ndiye niliyekuwa usukanini.

Pilau tulikuwa tumeisahau ng'ambo. Bi Mwanakhamis alivuka nayo kichwani, mvuke unatoka. Mama alionja kijiko kimoja, akanitazama.

"Imeungua chini."

"Nilikuwa na kazi, mama."

"Kazi si kisingizio. Nipe ukoko."

Alikula sahani nzima, ikiwa moto. Miaka mitatu nimemletea pilau iliyopoa, na jana alilazimika kuipuliza.

Tulipanga kurudi jioni ile ile. Baada ya Magharibi nikamuuliza mama kama niwashe gari, akasema hana haraka. Akaswali Isha pale pale. Akalala. Alfajiri niliamshwa na mfereji, mama anatawadha, hajamwamsha mtu. Nilijifanya nimelala ili asione kuwa nimeona.

Bi Mwanakhamis anasema njia ya upande huu inatoka mpaka darajani, pana, kwa hiyo sitavuka tena wala sitarudi rivasi. Nashukuru. Lakini nimejiapiza, ufunguzi wa shule ukifika nitakuwa nimejua rivasi. Nitajifunza kwenye kiwanja cha mpira, mbali na kuku wa watu. Faki naye ameanza kuzungumza habari ya kitanda cha kuzunguka, chenye chuma katikati. Nimemwambia aache kwanza tufike nyumbani.

Nilikuwa nataka kufungia hapo. Nimesita kwa sababu mama ameniita sasa hivi.

Nimeingia. Ameshikilia kikombe chake, bado anaangalia maji. Ameniuliza bila kunitazama, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna sukari:

"Idi hino, kule kwa Mize Vitongoji, gari tutaiweka upande gani?"

Nimemwambia nitaangalia. Nimetoka, nimezunguka nyuma ya gari nikajifanya nakagua matairi, mpaka Faki akaniuliza kama yamepata pancha.

Sasa nimekaa tena ngazini na nakuna kichwa. Uwanja wa mama mdogo nimekwenda mara ngapi sijui, lakini sikumbuki kibla ya pale iko upande wa mnazi au upande wa kisima. Kukishapambazuka vizuri nitampigia simu nimuulize. Atashangaa, ataniuliza ya nini. Nami nitamwambia.